Jukwaa la Wasomaji: Kuandaa Tamthilia ya Kisasa Chuoni

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa, na karibu zote zinahusu kuandaa tamthilia ya kisasa ya Kiswahili pamoja na idara ya sanaa za maonyesho ya chuo kikuu. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu naamini tatizo linaloelezwa humo ndilo linaloharibu maonyesho mengi ya vyuo vyetu, hata pale ambapo fedha, ukumbi na vipaji havikukosekana.

*Mwalimu, pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mwelekezi wa kikundi cha waigizaji hapa mjini. Idara ya chuo kikuu kimoja imenialika niwaelekeze wanafunzi wake katika tamthilia inayohusu familia inayogombania shamba baada ya baba kufariki. Nimepewa wanafunzi kumi na wanne, wengi wao wakiwa wamewahi kushiriki matamasha ya maigizo ya shule. Hawaogopi watu na sauti zao ni kubwa, lakini kila mmoja akifungua kinywa huwa kama anahutubia. Husimama mstari mmoja wakitazama mbele, hutamka maneno yao, kisha husubiri zamu nyingine. Nina muhula mmoja tu. Nianzie wapi? – Mwelekezi, Kisumu*

Ndugu mwelekezi, anzia mezani, yaani kwa kuketi na kuyachambua maneno ya tamthilia, na ukae hapo muda mrefu kuliko wanafunzi watakavyopenda.

Kabla ya hapo, uelewe vijana hao wametoka wapi, usije ukawalaumu kwa jambo ambalo walifunzwa na wakalifanya vizuri. Katika tamasha la shule mwigizaji husimama katika ukumbi mkubwa, mara nyingi bila kipaza sauti, mbele ya mamia ya wanafunzi wenzake wenye shauku na kelele, huku majaji wakiwa wameketi mbele na karatasi za alama, na muda ukihesabiwa. Hali hiyo humfundisha kupaza sauti, kuwatazama majaji, na kumaliza kila sentensi kwa nguvu ili pasiwepo neno litakalopotea. Mashairi ya kukariri na ngonjera nazo zimemzoesha mdundo uliopangwa mapema. Ni malezi mazuri, na mengi ya hayo utayahitaji baadaye. Hata hivyo, tamthilia ya familia inayogombania shamba haiwi kati ya mwigizaji na majaji. Inakuwa kati ya kaka na dada walioketi sebuleni, na sehemu kubwa yake imo katika yale ambayo hawathubutu kuyatamka.

Chukua mfano mdogo wa mazungumzo. Kaka anauliza, "Hati ya shamba iko wapi?" Dada anajibu, "Chai yako imepoa." Wanafunzi wako wataitamka mistari hiyo miwili kwa sauti moja iliyopanda, na hadhira itaona watu wawili wasioelewana, basi. Wakalishe wakitazamana, magoti yakikaribia kugusana, vitabu vikiwa chini. Uwaulize: hati iko kwa nani sasa hivi? Dada anajua kwamba kaka yake anajua? Anataka kaka afanye nini baada ya kusikia habari ya chai, aondoke, aketi, aone haya? Wakishapata jibu, na wenyewe walipate bila kupewa na wewe, waiseme tena, na safari hii kila mmoja arudie neno la mwisho la mwenzake kabla ya kutamka lake. Kaka aseme "iko wapi", dada arudie "iko wapi" kimoyomoyo au kwa sauti, ndipo ataje chai. Zoezi hili huonekana la kitoto kwa dakika chache za mwanzo. Baada ya hapo utaona macho yao yakibadilika, kwa kuwa hakuna awezaye kurudia neno asilolisikia, na mwigizaji anayesikiliza hana nafasi ya kuhutubia.

Kuna jambo la pili ambalo waelekezi wengi hulikwepa, nalo ni lugha. Katika kundi lako huenda mmoja alikulia Ugenya, mwingine Vihiga, mwingine Kisii, na wa nne mitaa ya Kondele hapo Kisumu. Hao hawajawahi kugombana na ndugu zao kwa Kiswahili sanifu. Kiswahili hicho wamekisoma darasani, wamekifanyia mitihani, na wamekitumia kuhutubu, ndiyo maana kila wakikishika wanarudi kwenye sauti ya hotuba. Waruhusu wacheze onyesho zima mara mbili au tatu kwa lugha ya nyumbani, Kijaluo, Kilogooli, Ekegusii au Sheng, bila kujali maneno ya kitabu. Utashangaa jinsi mabega yanavyoshuka na mikono inavyopata kazi. Kisha wakiwa bado wamepata moto huo, warudishe kwenye Kiswahili cha mwandishi neno kwa neno. Angalia hasa mahali wanapoweka mkazo. Mwanafunzi anayekariri hugonga kila neno kwa uzito uleule, ilhali mtu anayetaka kitu hugonga neno moja katika sentensi na kuyaachia mengine yapite. Mwambie kila mmoja achague neno hilo moja na alipigie mstari kwa penseli, maana kesho huenda akalibadilisha.

Kuhusu kusimama mstari mmoja, usipoteze muda kuwaambia wasifanye hivyo. Wape kazi ya mikono. Dada akunje nguo za marehemu na kuzipanga katika sanduku huku akijibu maswali, na shati moja akose pa kuliweka. Kaka atafute miwani ya baba kwenye droo. Mwili wenye shughuli hujipanga wenyewe jukwaani, na ukiona mwigizaji ameacha kukunja nguo katikati ya sentensi, ujue sentensi hiyo ndiyo iliyomchoma, nawe huhitaji kumwelekeza zaidi. Naipenda njia hii kuliko michoro ya mishale inayomwambia mtu apige hatua ngapi kushoto.

Jihadhari na kosa la upande wa pili: wanafunzi wakiambiwa wasihutubie huanza kunong'ona. Hapo ndipo mafunzo ya tamasha yanapokufaa. Mweke mwanafunzi mmoja kiti cha mwisho kabisa katika kila zoezi, ainue mkono kila anapokosa neno. Pumzi iwe ndefu, konsonanti ziwe safi, na mtazamo ubaki kwa mwenzake. Sauti itafika.

Sasa ratiba, ambayo ni fupi kuieleza ingawa ndiyo huwatoa watu jasho. Muhula wa vyuo vyetu huwa wa wiki 14 au 15 hivi. Ondoa mbili za mwanzo, wakati ambapo wanafunzi wanajisajili na wengine bado wanatafuta karo, na uondoe za mwisho za mitihani. Panga wiki saba za mazoezi, jioni nne kila wiki, saa mbili na nusu kila jioni, na utapata saa 70. Kwa kitabu cha kurasa 70 hiyo ni saa moja kwa kila ukurasa, kipimo ambacho waelekezi wengi hukitumia na ambacho sijaona sababu ya kukipunguza. Wiki mbili ziwe za mezani, tatu za kuinuka na kuigiza onyesho moja baada ya jingine, ya sita ya kupitisha tamthilia nzima bila kukatiza, na ya saba ya taa na maleba, yaani mavazi ya wahusika. Vitabu viachwe kabla ya wiki ya nne kwisha. Onyesho lenyewe lifanyike angalau wiki mbili kabla ya mitihani, na jaribio la kati ya muhula litakapoangukia katikati ya mazoezi, uliachie nafasi.

Uzungumze pia na mkuu wa idara, kazi hii ihesabiwe katika alama za somo, na si kwa waigizaji peke yao. Si wote kumi na wanne watakaopanda jukwaani. Unahitaji msimamizi wa jukwaa, na umchague kwa uangalifu uleule unaomchagua mhusika mkuu, kwa kuwa daftari lake ndilo litakaloonyesha kila mtu anaingilia wapi, akishika nini, na taa zipi zinawaka. Wahusika wakuu wawe na waigizaji wa akiba wanaohudhuria mazoezi yote. Mwanafunzi anaweza kurudi nyumbani kwa ajili ya karo au msiba siku tatu kabla ya onyesho, na hakuna haki ya kumlaumu.

*Tumechagua tamthilia iliyochapishwa hapa nchini na tumenunua nakala kumi na sita. Je, bado tunahitaji ruhusa ya kuiigiza? Na tunaweza kuondoa onyesho moja la kitabu ambalo ni gumu kwetu? – Mhadhiri, Kakamega*

Mnahitaji. Kununua kitabu kunawapa haki ya kukisoma, na haki ya kukiigiza mbele ya watu inabaki kwa mwandishi au kwa mchapishaji aliyemkabidhi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, kazi ya fasihi hulindwa katika uhai wote wa mwandishi na kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, kwa hiyo tamthilia yoyote inayostahili kuitwa ya kisasa imo ndani ya ulinzi huo. Msiweke matumaini katika dhana kwamba chuo kimesamehewa kwa sababu ni mahali pa elimu, hasa mkiuza tiketi.

Mwandikieni mchapishaji barua mapema, mkitaja tarehe, ukumbi, idadi ya maonyesho na kiingilio. Kuondoa onyesho la kitabuni, kubadilisha mwisho, au kuyageuza mazungumzo kuwa Sheng ni mambo ya kuombwa katika barua hiyohiyo, kwani mwandishi ana haki ya kupinga kazi yake kuvurugwa. Ningewashauri pia mjiulize kwa nini onyesho hilo ni gumu. Mara nyingi onyesho linalowashinda wanafunzi ndilo ambalo mhadhiri angepaswa kutumia nalo wiki nzima.

*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ninaigiza mke ambaye mumewe anampiga kofi mbele ya watoto. Mwenzangu anasema tukilifanya kofi la kweli litakuwa na nguvu zaidi. Kila zoezi likikaribia hapo mwili wangu unakaza na ninasahau maneno. Sijui kama tatizo ni langu. – Msomaji, Bungoma*

Dada yangu, tatizo si lako. Kofi la kweli halina nafasi jukwaani, na mwelekezi anayeliruhusu amemkosea mwigizaji na pia tamthilia. Mtu anayengoja kupigwa kweli hawezi kuigiza. Anajilinda, na hadhira huona mwigizaji anayeogopa badala ya mke aliyepigwa.

Kofi la jukwaani hutengenezwa hivi. Simameni umbali ambao mwenzako akinyoosha mkono, ncha za vidole vyake hazifiki usoni kwako. Mmoja wenu aupe ukumbi mgongo kiasi, ili hadhira isione nafasi iliyo kati ya kiganja na shavu. Kwanza mtazamane machoni, na mtazamo huo ndio makubaliano: usipomtazama, yeye haanzi. Akishainua mkono, unapita mbele ya uso wako kwa mstari ulionyooka bila kukugusa. Mlio unautoa wewe, kwa kugonganisha viganja vyako chini ya kifua, mahali ambapo mwili wa aliyeupa ukumbi mgongo unavificha. Papo hapo kichwa chako kinageuka kuelekea upande mkono unakokwenda. Mlio na kichwa vikiachana hata kwa nusu sekunde uongo unaonekana. Kwa hiyo anayetawala tendo lote ni yule anayepigwa, na ukilielewa hilo mwili wako utaanza kulegea.

Mlifanye kwanza polepole kama watu walio ndani ya maji, kisha kwa nusu ya kasi, na kasi kamili ije baada ya siku kadhaa. Hata usiku wa onyesho, kabla ya milango kufunguliwa, mlipitie tena mara mbili mbele ya msimamizi wa jukwaa. Wala msibadilishe chochote kwa msisimko wa hadhira.

Nina neno lingine kwa mwelekezi wako, ikiwa atausoma ukurasa huu. Katika darasa lolote wamo vijana walioyaona haya nyumbani kwao. Kabla ya kugawa sehemu, kila mwanafunzi aelezwe waziwazi kilichomo ndani ya tamthilia na apewe nafasi ya kukataa sehemu fulani bila kuulizwa sababu na bila kupunguziwa alama. Kama umegundua kwamba sehemu hii inakugusa kuliko ulivyotarajia, unaweza kuirudisha hata sasa.

*Ukumbi tuliopewa una paa la mabati bila dari, sakafu ya saruji, na madirisha pande zote mbili. Tulijaribu taa zetu mchana, hazikuonekana. Tulipojaribu jioni, mvua ikanyesha na hatukusikia hata neno moja. Tufanye nini? – Katibu wa klabu ya maigizo, Vihiga*

Anzeni na saa. Katika eneo lenu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro mwaka mzima, na mwanga hubaki dirishani kwa muda baada ya hapo. Onyesho linaloanza saa kumi na mbili litakuwa limefika nusu kabla ya taa zenu kuwa na maana. Ama mwanze saa moja na robo, ama mzibe madirisha kwa turubai nyeusi, ama mkubali mchana na mpange tamthilia isiyotegemea taa hata kidogo. Mimi ningechagua la tatu kama wanafunzi wengi wanaishi mbali na chuo, kwa kuwa ukumbi uliojaa saa nane mchana ni bora kuliko viti vitupu vilivyoangazwa vizuri.

Mwangwi unapunguzwa na kitambaa. Ningʼinizeni mapazia mazito au mablanketi kwenye ukuta wa nyuma, ule unaowatazama waigizaji, kisha mpige makofi katikati ya ukumbi na kusikiliza kama mlio unakatika upesi. Watu wakijaa, miili yao nayo itameza sauti, hivyo msiogope sana mwangwi wa ukumbi mtupu.

Mvua ni jambo jingine. Ukanda wenu hupata mvua nyingi za alasiri na jioni, na Machi hadi Mei ndio msimu wake mkubwa, hivyo onyesho la Aprili chini ya mabati ni la kubahatisha. Kama hamna budi, msiwaambie waigizaji wapige kelele kuishinda mvua. Amueni mapema kwamba ikizidi, msimamizi wa jukwaa atatoa ishara, waigizaji watabaki mahali walipo ndani ya uhusika wao, na mtaendelea itakapopungua. Mvua kubwa za huko haziendi usiku kucha, na hadhira ya Vihiga inaijua mvua, itavumilia.

Mkikodi taa, ulizeni wati zake. Taa ya zamani ya wati 1000 hutumia zaidi ya ampea 4 kwa umeme wa volti 240, na soketi ya kawaida ina kikomo cha ampea 13. Taa tatu kwenye soketi moja zimekaribia mwisho, na ya nne itakata umeme katikati ya kilio cha mjane. Taa za LED hutumia sehemu ndogo tu ya umeme huo. Jenereta iwe nje, mbali na ukuta, kelele yake isije ikawa mvua ya pili.

*Tamthilia yetu inamhusu kiongozi wa kaunti ya kubuni anayekula fedha za hospitali. Baadhi ya wahadhiri wana wasiwasi na wanataka tuchague nyingine. Je, wana haki ya kuogopa? Pia tungependa kuileta mjini Nakuru ili wasiosoma chuoni waione. – Mwanafunzi, Njoro*

Wasiwasi wao una chanzo, na wewe uliye Njoro, karibu na Nakuru, unakijua. Mwaka wa 2013 tamthilia ya Shule ya Wasichana ya Butere ilizuiwa kuonyeshwa katika tamasha la kitaifa, na Mahakama Kuu ikaamuru iruhusiwe. Aprili 2025 shule hiyohiyo ilifika Nakuru na tamthilia nyingine, tena ikiwa na amri ya mahakama, lakini polisi walirusha vitoa machozi kuwatawanya watu na wasichana wakaondoka bila kuigiza. Hakuna mhadhiri aliyeyasahau hayo, na nawaomba msiwaite waoga.

Sheria hata hivyo iko upande wenu. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na kinaweka nje ya uhuru huo mambo kama uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki, huku kikitaka haki na sifa za wengine ziheshimiwe. Tamthilia kuhusu kiongozi wa kubuni anayeiba fedha za hospitali haichochei ghasia. Itakayowatia taabani ni ile hamu ya mwigizaji kuiga sauti, kofia au mwendo wa mtu fulani anayejulikana ili watu wacheke. Mwondoleeni. Kiongozi akiigizwa kama binadamu anayependa watoto wake na kujiona mwema, hadhira itamwona kila mwizi inayemjua, na tamthilia itakuwa kali zaidi.

Kuileta mjini ni wazo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuzungusha maonyesho ya bure vijijini na mijini mwaka wa 1965, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafanya hivyo kuanzia 1974, kwa gari, mavazi machache na mandhari ya jukwaani ya kubebeka. Nakuru mna bahati ya kuwa na ukumbi wa Nakuru Players, uliojengwa kwa ajili ya maigizo, ambapo sauti ya mtu inafika bila kulazimishwa. Fanyeni maonyesho mawili chuoni kwanza, mrekebishe, kisha mwende mjini mchana wa Jumamosi ili watu wapate matatu za kurudi. Mandhari yaingie katika basi moja pamoja na waigizaji.

Kabla ya lolote kati ya hayo, mkuu wa idara aandike barua kwa uongozi wa chuo akieleza somo ambalo tamthilia hii inalihudumia, jina la mwandishi, na tarehe za maonyesho, na aambatishe ruhusa ya mchapishaji. Barua hiyo isiandikwe na mwanafunzi. Nakala yake iliyopigwa muhuri ibaki katika daftari la msimamizi wa jukwaa, aje nayo Nakuru.